Chuma cha Kengele

"Gonga, mama," afisa elimu alimhimiza mwalimu mkuu. "Mahakama imeshapiga marufuku mgomo. Kengele ikilia, mwalimu aliye nje hana kazi."

Nje ya geti, walimu wake walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, wanamtazama yeye tu.

Mbele yake ilining'inia rimu kuukuu ya lori, ndiyo kengele yenyewe. Chuma cha kuigongea kilikuwa mkononi mwake, kimelainika pale anapokishika kila asubuhi.

Akampa afisa kisogo, akaenda moja kwa moja chooni. Chuma kikatumbukia shimoni, chubwi.

Akarudi akijipangusa mikono kwenye sketi.

"Chuma kiko wapi?" afisa akauliza.

"Kiko chooni, mwanangu. Vua koti ukakitoe."