Upande wa Pili wa Kitanda

Fundi aliuliza kiyoyozi kifungwe wapi. Bi Mwanakheri akaonyesha ukuta unaoelekea upande wa pili wa kitanda.

"Lakini umesema unalala huku dirishani, mama. Baridi haitakufikia."

"Mimi siitaki. Mume wangu ndiye anayeteseka na joto. Miaka thelathini amekiomba, nami nikakataa."

"Basi tumngoje arudi, achague mwenyewe."

"Harudi, mwanangu. Tulimzika mwezi wa Rajabu."

Fundi akatoboa ukuta palepale alipoonyeshwa.

Fundi alipoondoka, Bi Mwanakheri alijifunika kanga mbili, akaketi upande wake, akakiwasha. Upepo ukashuka taratibu, ukaufikia msuli wa kulalia uliokunjwa juu ya mto wa mumewe. Pindo lake likaanza kucheza.