Mbono za Makaburini

Mwanaheri alikuja na kidumu cha mafuta mkononi. Tangu daraja livunjike dizeli haiji, na foleni ya ndoo za mahindi ilitoka kwenye mashine yake ya kusaga hadi barabarani. Alikuwa amekamua mbegu za mbono, akachanganya mafuta na spiriti na magadi ya sabuni, akayaacha yatulie siku tatu mpaka yakang'aa, yawe badala ya dizeli.

"Mbono umezipata wapi, mwanangu?" aliuliza Bi Somoe, wa kwanza kwenye foleni. "Nyua za mibono za mji mzima si zilikatwa?"

Mibono iliyobaki ni ile iliyopandwa juu ya makaburi, na hiyo haichumwi na mtu. Iliyozaa kuliko yote ilikuwa kwenye kaburi la binti wa Bi Somoe.

"Nimeokota, mama."

"Wapi?"

Mwanaheri aliinamia injini. Alimimina mafuta, akazungusha hendeli mara moja, mara mbili, jasho likimtiririka. Injini ikakohoa, ikawaka. Moshi ukatanda mlangoni.

Watu wakashangilia. Bi Somoe hakuinua ndoo yake. Alijitanda kanga vizuri kichwani, kama mtu anayeingia makaburini, akausogelea ule moshi, akafumba macho.