Mashabiki wa Wimbo wa Saba

Simu arobaini zilikuwa zinapiga wimbo wa saba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku, bila kupumzika hata wakati wa chakula. Zote zilikuwa katika bonde moja. Kwingine kote nchini, hakuna aliyeufikisha wimbo huo katikati.

Meneja wa kampuni ya muziki aligeuza kompyuta ili Jemadari ajionee mwenyewe.

"Hawa ni watu kweli?"

"Mashabiki, dada."

"Shabiki haendi chooni?"

Jemadari alivua miwani ya jua, akaivaa tena. Albamu yake, "Kiti cha Enzi", ilikuwa na miezi mitatu sokoni. Kwenye uzinduzi walikuja watu kumi na tisa, kumi na mmoja kati yao ndugu zake, na shangazi aliondoka mapema akilalamikia kichwa ambacho, alisisitiza, hakikuwa kinamuuma alipofika. Wafanyakazi wa ofisi hii walitumia nakala zake kuwekea vikombe vya chai. Mhakiki wa gazeti aliandika sentensi mbili tu: "Albamu hii ina nyimbo kumi na mbili. Zilizozidi ni kumi na mbili."

"Mimi nasema umewanunua," meneja alisema. "Niletee picha yako na watu hawa, watu wenye miguu, kabla ya Ijumaa. Ukikosa, mkataba nauchana."

Mkataba ukichanwa, Jemadari angerudi kuuza matairi dukani kwa shemeji yake. Shemeji alikwisha kumshonea koti la kazi, lenye jina lake halisi kifuani.

Hakukubali kwenda bondeni peke yake. Alimfuata mhakiki hadi gazetini, mzee mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio, akamtangazia mbele ya chumba kizima:

"Twende ukaone kwa macho yako, mzee. Nikiwapata mashabiki, unaniomba radhi ukurasa wa mbele. Nikiwakosa, naacha muziki."

"Unaacha kabisa?" mhakiki aliuliza, huku tayari anatafuta kofia yake.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, waliingia bondeni. Sauti ya Jemadari iliwapokea kilomita mbili kabla hawajafika. Ulikuwa wimbo wa saba, ule wenye milio ya bunduki, vioo vinavyopasuka, na yeye mwenyewe akipayuka:

*Nani kama mimi? Pisheni, pisheni!*
*Nikifumbua kinywa, tawanyikeni!*

Spika zilikuwa zimefungwa juu ya nguzo, moja kila hatua hamsini, kila moja na simu yake, kulizunguka shamba kubwa la mtama.

"Umeona?" Jemadari alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata wakiwa kazini hawawezi kukaa bila mimi."

Mhakiki alikuwa ameziba masikio.

Watu walitoka mbio kuwapokea. Vigelegele vikapigwa, mikono ikashikwa, na mama mmoja mnene akamkamata Jemadari mashavu yote mawili. Alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima.

"Kumbe ndiye wewe, mwanangu! Mwaka jana tulilia hapa. Mwaka huu, kwa ajili yako, watoto watakula."

"Andika hiyo, mzee. Neno kwa neno."

Mhakiki aliandika kama mtu anayetia saini hukumu yake. "Na wasanii wengine je, mama? Hamuwataki?"

"Tuliwajaribu wote. Yule wa mapenzi, mwenye sauti laini? Hafai kabisa! Tulipoweka nyimbo zake walikuja wengi zaidi, wakatulia kutwa." Akamgeukia Jemadari, ambaye hakulipenda jibu hilo. "Lakini wewe ni kiboko. Tumebakiza wiki tatu tu, halafu tunazima hadi mwakani."

"Nina msimu wangu," Jemadari alimnong'oneza mhakiki. "Nani mwingine ana msimu?"

Mzee alikwisha kuuona ule ukurasa wa mbele, na jina lake chini ya radhi.

"Zimeni spika," Jemadari aliamuru. "Leo nafoka mwenyewe, mdomo mtupu."

Wakulima walitazamana. "Tuzime, mwanangu? Na mchana huu?"

"Mama, spika zinanipunguza."

Walinong'onezana, wakakubali. Katikati ya shamba palikuwa na jukwaa la miti, refu kupita mtu. Wakampandisha.

"Mmenijengea jukwaa!"

"Lipo siku zote. Aliyekuwa anakaa hapo tulimwachisha kazi ulipokuja wewe."

"Mpeni pole," Jemadari alisema. "Ushindani ndivyo ulivyo."

Spika zikazimwa, bonde likanyamaza. Wakulima wakarudi nyuma mpaka ukingoni mwa shamba, mhakiki akiwa kati yao na kamera mkononi. Jemadari alifungua kinywa, lakini mwenyekiti akamwinulia mkono kutoka mbali.

"Bado! Subiri kwanza wajae!"

Hilo lilimpendeza. Msanii mkubwa hatazami ukumbi ukijaa. Akafumba macho nyuma ya miwani, akakunja mikono kifuani, akasubiri. Ilipita robo saa. Kule ukingoni, mhakiki, kwa mara ya kwanza tangu waondoke mjini, alianza kutabasamu.

"Sasa!"

Jemadari alijaza kifua, akafyatua mstari wa kwanza. Ndege wakaruka kutoka katika mtama pande zote kwa mpigo mmoja, maelfu kwa maelfu, wakalifunika jua, wakakimbia wakipandiana migongoni hadi wakapotelea nyuma ya vilima.

"Jamani!" mwenyekiti alimwambia mhakiki, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Spika hazijawahi kuwafikisha nyuma ya vilima."