Mpasuko Chini ya Wodi

Jumatatu, tarehe tatu Juni. Asubuhi ya manyunyu na baridi.

Mwanajiolojia alipiga magoti ndani ya mtaro wa msingi, akaufuata kwa kidole mstari mweupe wa jivu la kale la volkano. Katikati ulikatika, upande wa pili ulikuwa umeshuka dhiraa nzima. Akajua tetemeko liliwahi kuipasua ardhi hii.

"Mama, wodi ya wazazi haijengeki hapa. Patapasuka tena."

"Mkwe wangu," alifoka mama mkwe wake, aliyekitoa sadaka kiwanja hicho cha wodi, "umesomea mawe mpaka umeota mvi, uje kunipinga mimi? Basi wakajifungulie juu ya mti!"

Mafundi wakaangua kicheko. Mwanajiolojia aliomba kimoyomoyo, akanyoosha kidole mlimani penye mwamba imara, kwenye kiwanja alichonunua ajenge nyumba ya kustaafia.

"Wodi itajengwa pale kwangu, mama. Naahidi mbele ya hawa mafundi."