Mke na Mume Tawi Moja

Kwa miaka mingi Siwatu na mumewe Mbaraka walikuwa makeshia wa benki mbili zilizotazamana, wakigombea wateja mchana na kutaniana usiku. Benki hizo zilipoungana, Siwatu alifurahi. Asubuhi ile alivuka barabara na sare mpya ya kijani, akijua atakaa dirisha la jirani na mumewe.

Meneja alimpokea mlangoni, macho chini.

"Dada Siwatu, kwani hukuambiwa? Utaratibu mpya hauruhusu mke na mume tawi moja. Mmoja wenu lazima aondoke."

"Basi tupeni nafasi tushauriane."

"Mumeo alishakuja ofisini kwangu juma lililopita. Alisema wewe umechoka, unataka kupumzika nyumbani."

Siwatu aliganda. Jana tu Mbaraka ndiye aliyempigia pasi sare ile, huku akipiga mluzi. Akamtafuta kwa macho, akamwona nyuma ya kioo, ameinamia kazi yake.

Akapanga foleni kama mteja yeyote. Watu wakapungua mbele yake mmoja mmoja, hata akafika dirishani.

"Karibu," alisema Mbaraka bila kuinua uso. "Nikusaidie nini?"