Maji ya Mgeni

Maporomoko ya Shengoma siku hizi hufunguliwa tu akija mgeni aliyelipia kuwa huko peke yake. Akiondoka, maji yanafungwa kule juu bwawani. Mabomba ya kijijini kwetu hutoa maji wakati huohuo, na ni maji yaleyale, kwa hiyo mimi ninayemwongoza mgeni hujitahidi akawie.

Leo alikuja Bwana Kihwelo na mbwa wake mwenye upele. Baada ya nusu saa akasema amechoka. Nilijua mama hajajaza hata pipa moja.

"Oga kidogo, bosi," nilisema, macho chini.

"Na mbwa?"

"Na mbwa pia."

Alimsugua mbwa kwa sabuni mpaka povu la kijivu likashuka na nywele. Akapenga kamasi majini. Kisha akasimama kimya, akitabasamu peke yake, na maji ya mapajani mwake yakageuka manjano.

"Aisee, raha! Niongeze saa moja?"

"Ongeza mbili, bosi."

Jioni nilikuta mapipa yote yamejaa. Majirani walinipigia vigelegele. Mdogo wangu mchanga alikuwa akiogeshwa, akilamba matone mdomoni. Mama akanichotea kikombe.

"Umeyachemsha, mama?"

"Kwa kuni zipi, Sikudhani? Kunywa. Leo hata yananukia sabuni. Huyo mgeni mwambie arudi kesho."

Wote walikuwa wakinitazama. Nikaona aibu kukataa, nikanywa.