Doa la Ziwa la Tatu

Sevne hakuitazama picha. Alikuwa akiutazama mkoba wa Hadne.

"Tazama hapa, bibi." Hadne aliisogeza kompyuta penye mwanga wa mlango wa hema. "Setilaiti ilipita siku tatu kabla ya moto. Hakuna kitu. Hii ya pili, moto umeshaanza. Unaona doa jeusi linaanzia wapi? Ziwa la tatu. Sisi tulipiga hema ziwa la pili."

"Macho yangu mabovu, mwanangu," alisema Sevne, akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu.

Moto ule uliteketeza malisho ya kulungu wa nchi ya baridi waliofugwa na ukoo mzima, miaka thelathini na minne iliyopita. Mayma, baba yake Hadne, alikiri kabla hajaulizwa, akafukuzwa. Sasa alikuwa hoi hospitalini mjini, akiomba jambo moja: azikwe penye makaburi ya ukoo. Wazee wangekaa kesho kuamua.

"Ziwa la tatu lilikuwa na hema moja," alisema Hadne. "Lako. Nilikuwa na miaka sita, nashinda kwako kila siku. Nakumbuka."

"Unakumbuka nini?"

"Kwetu, mekoni ni pa wanawake. Baba hajawahi hata kuchochea kuni. Alikuwa anamficha mwanamke aliyeuwasha moto."

"Ndiye mimi?" Sevne alicheka bila kuinua uso. "Na pua hii? Mama yako angeniachia jicho moja."

Macho yake yakarudi mkobani. Pale alining'inia mwanasesere wa Hadne wa utotoni: kichwa kilichotengenezwa kwa mdomo wa bata, joho la bluu, ukingo mwekundu. Mama yake Hadne alimshonea wawili wanaofanana, mmoja alipotea.

"Kesho wazee wataiona picha hii. Heri useme mwenyewe leo."

"Baba yako anajua umekuja?"

"Hajui."

"Nilidhani hivyo." Sevne akaweka sindano chini. "Alinikuta nimeinama pale doa lako linapoanzia, moshi bado unafuka. Kulikuwa na kihema cha vijiti, hakinifiki gotini, na majivu katikati. Akaniapisha nisiseme. Leo umenilazimisha."

Akatoa kitu kidogo kwenye mfuko wa kushonea, akakiweka juu ya kompyuta.

Mdomo wa bata, umeungua nusu. Joho la bluu. Ukingo mwekundu.